Bibi alimwona babu kibarazani, ila hakuna aliyesema kafufuka

Babu yetu alipofariki, siku chache baada ya arobaini bibi akatuambia asubuhi kwamba usiku kamwona kakaa kibarazani kwenye kiti chake cha kamba, kavaa lile shati la kitenge, hasemi kitu anamwangalia tu. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi akauliza "alikuwa kakasirika?", bibi akasema hapana, basi chai ikaendelea kunywewa. Hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda makaburini kuangalia kama udongo umeguswa.

Naanza na hii maana kwa maoni yangu ndo hoja ngumu kuliko zote wanayoweza kuitoa wasioamini ufufuo wa Yesu. Kwamba jamaa walifiwa, majonzi yakawazidi, wakaona wanachosema wamekiona, na hawakudanganya, kama bibi alivyokuwa hadanganyi. Wakristo wengi tunaikwepa tunakimbilia kupigana na zile nyepesi.

Nyepesi ni kama ile ya mwili kuibiwa. Hiyo ni ya kale mno, Mathayo 28 mwenyewe anaitaja, na karne ya 18 msomi mmoja, Reimarus, kule Ujerumani akaifufua (samahani kwa neno). Shida yake ni kwamba mwizi anajua kaiba, na ni vigumu mtu kukubali kuteswa kwa uongo anaoujua. Na hapa niseme ukweli, ule mtindo wa kusema mitume wote walikufa kifodini kwa hiyo hawakudanganya tuupunguze, habari za vifo vya wengi wao ni mapokeo ya baadaye. Tuliye na uhakika naye zaidi ni Yakobo wa Zebedayo, kwenye Matendo 12, na Yakobo nduguye Yesu ambaye Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ya kwanza, anasema alipigwa mawe, mwaka 62 hivi.

Nyingine ni ya kuzimia, ambayo waliokulia kwenye mihadhara ya dini miaka ya themanini na tisini wanaijua vizuri, maana Ahmed Deedat wa Afrika Kusini aliivalia njuga, kwamba Yesu aliteremshwa msalabani akiwa hai. Hii si sawa na msimamo wa Kurani 4:157 unaosema hawakumuua wala hawakumsulubu, ule ni wa imani na unajibiwa kivingine. Ya kuzimia ina tatizo lake, na aliyeimaliza hata hakuwa mlokole, ni David Strauss, Mjerumani mwenye shaka kweli kweli. Alisema mtu anayetoka kaburini anajikokota, anahitaji kufungwa vidonda na kuuguzwa, hawezi kumfanya yeyote aamini kwamba ameshinda mauti. Josephus anasimulia aliwakuta watu wake watatu msalabani, akawaombea kwa Tito, jemadari wa Kirumi, wateremshwe, wakapewa matibabu ya nguvu, na bado wawili wakafa mikononi mwa waganga. Sasa wewe wa pangoni bila mganga?

Turudi kwa bibi. Anayesema ni maono ana vitu vya kushika. Paulo kwenye 1 Wakorintho 15, barua ya mwaka 55 hivi, anajiweka yeye mwenyewe kwenye orodha moja na Kefa (yaani Petro) na wengine, wote anasema Yesu "alitokea" kwao, neno lile lile, wakati yake yeye kwa mujibu wa Matendo ilikuwa nuru na sauti njiani Dameski. Hataji wanawake, hataji kaburi kuwa tupu. Na Marko kwenye nakala za zamani kama Sinaiticus na Vaticanus inakatika 16:8, wanawake wanakimbia wanatetemeka, hakuna Yesu kuonekana kabisa. Hapo mwenye shaka ana haki ya kuuliza na tusimkasirikie.

Ila mi kinachonigomea ni hiki. Wale watu walikuwa na jina la kitu kama alichokiona bibi. Soma tena Matendo 12: Petro yuko gerezani, wenzake wanajua atauawa kama Yakobo, usiku anagonga mlango, yule binti Roda anatambua sauti, anakimbia kuwaambia, wao wanasema una wazimu wewe, akikazania wanasema "ni malaika wake". Umeona? Walikuwa na maelezo mkononi tayari, mtu wako akikutokea usiku na unajua kauawa au yuko mbioni kuuawa, ni malaika wake, basi, unaendelea na maombolezo. Kwa Yesu maelezo haya yangetosha kabisa tena yasingewagombanisha na mtu. Wakasema kitu kingine, kwamba amefufuka, na kwa Myahudi wa wakati ule neno hilo lilikuwa la miili kutoka makaburini siku ya mwisho, wote kwa pamoja, sio mmoja peke yake siku ya kawaida tu wakati Pilato bado yuko ofisini. Maono peke yake hayakupeleki huko. Lazima kulikuwa na kitu kuhusu kaburi.

Na habari ya kaburi wanaileta wanawake, ambao Josephus anaandika wazi ushahidi wao usikubaliwe, na Luka hafichi kwamba mitume waliona ni upuuzi. Kama unatunga si ungemtanguliza Petro? Wengine wanasema waliosulubiwa hawakuzikwa kabisa, waliachiwa mbwa. Wengi ndiyo, lakini mwaka 1968 Yerusalemu walikuta mifupa ya mtu aitwaye Yehohanan ndani ya sanduku la mifupa kwenye kaburi la familia, msumari bado umekwama kwenye kisigino chake, kwa hiyo kuzikwa kwa heshima kuliwezekana.

Halafu Paulo mwenyewe hakuwa mfiwa, alikuwa anawawinda. Majonzi gani hayo? Utaniambia labda dhamira ilimsuta, inawezekana, ila sasa umeanza kutumia maelezo mawili, majonzi kwa Petro na hatia kwa Paulo, halafu Yakobo nduguye Yesu, ambaye Yohana 7 inasema ndugu zake hawakumwamini, utamtafutia la tatu.

Yote haya hayamfikishi mtu kwenye "Mungu alimfufua", najua. Yanamfikisha kwenye kaburi lenye maswali na watu waliobadilika ghafla, na aliyekwisha amua kwamba Mungu hayupo ataona ni busara kusema sijui kilichotokea kuliko kusema hivyo. Mi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kitu kimoja sijawahi kukitumia nikibishana, ni wale ndugu zaidi ya mia tano ambao Paulo anasema walimwona kwa pamoja na wengi bado wako hai. Injili zote nne hazijawataja. Tukio kubwa namna hiyo, kimya. Nimelizunguka miaka na bado sina jibu ninaloweza kumpa mtu usoni bila kuangalia pembeni.