Leseni ya fundi wa viyoyozi inamlinda nani?

Kata paipu ya shaba ya kiyoyozi iliyochomelewa bila kupitishiwa nitrojeni, kisha uchungulie ndani. Utakuta weusi mkavu unaobanduka kama masizi ukiugusa kwa kidole. Ni shaba iliyoshikana na oksijeni ya hewa iliyobaki ndani wakati tochi ikiwaka. Mfumo ukianza kufanya kazi, magamba hayo husombwa hadi kwenye vali ya kupunguza presha na kuziba kitundu chake. Fundi angefungulia nitrojeni kidogo ipite taratibu wakati anachomelea, paipu ingebaki inang'aa.

Mwenye nyumba hana namna ya kuliona hilo. Hata hewa na unyevu vinavyobaki ndani ya paipu ni vivyo hivyo. Fundi makini hufunga pampu ya vakyumu na kuiacha inyonye mpaka geji ishuke chini ya maikroni 500 (kipimo cha presha ya hewa iliyobaki ndani), kisha huizima na kutazama kama itapanda tena. Fundi wa kulipua kazi hufungulia gesi kidogo isukume hewa nje, akamaliza kwa dakika moja. Siku hiyo chumba kitapoa kwa wote wawili. Tofauti huja baadaye, unyevu uliobaki unapochanganyika na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi inayokula vanishi ya waya za mota. Kufikia hapo fundi ameshalipwa na simu yake haipokelewi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema leseni zisiwepo, mteja aachwe achague fundi wake, soko litawachuja wabovu. Soko huchuja kinachoonekana. Na mjini kuna jambo zito zaidi: anayeumia mara nyingi si yule aliyechagua. Boila ya gesi, mtambo wa kupasha maji na nyumba joto ambao mara nyingi hushikwa na mafundi haohao, ikifungwa vibaya bomba la moshi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika jengo la ghorofa moshi huo huweza kupanda hadi chumba cha juu, kwa watu waliolala ambao hawakumwita fundi wala kumwona. Mashine ya nje iliyoning'inizwa ghorofa ya saba kwa boliti zisizoshika haimwangukii mwenyewe. Inamwangukia mpita njia.

Gesi za kupozea zenyewe nazo zinabadilika. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, yanazitaka nchi zipunguze hatua kwa hatua gesi za aina ya R-410A, iliyojaa kwenye viyoyozi vingi. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja huongeza joto la dunia, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na kilo zaidi ya 2,000 za kaboni dioksaidi. Zinazoingia badala yake ni kama R-32, ambayo huweza kuwaka, na propani, ambayo sote tunajua inavyowaka. Fundi aliyezoea kushika tochi mbele ya gesi isiyowaka anahitaji kufundishwa upya, na mtu fulani ahakikishe kwamba amefundishwa.

Upande wa pili nao una machungu ya kweli, na sipendi yapuuzwe. Jimbo la Texas, kwa mfano, kwa kawaida linamtaka anayeomba leseni ya ukandarasi wa viyoyozi awe na miezi 48 ya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni. Kwa maandishi ni sharti zuri. Kwa kijana asiye na mjomba kwenye kazi hiyo, maana yake ni kwamba mlango unafunguliwa na watu walewale atakaoshindana nao kesho. Akikubaliwa, atavumilia ujira wowote, kwa sababu anachotafuta pale si ujira bali sahihi ya bosi ya kuthibitisha miezi yake. New York ni kinyume: jimbo halina leseni yake kwa kazi hii, limeiachia miji na wilaya, na karatasi inayokubalika mji mmoja huenda isikusaidie mji wa jirani.

Tena karatasi haichomelei paipu. Marekani, fundi anayefungua mfumo wa gesi ya kupozea wa jengo kwa kawaida lazima awe na cheti kinachoitwa cha kifungu cha 608, kifungu cha sheria yao ya hewa safi. Mtihani wake ni wa kuchagua jibu sahihi, na cheti hakina mwisho. Aliyefaulu katikati ya miaka ya 1990, enzi za R-22, gesi ya zamani isiyowaka, hatakiwi kisheria kurudi kuonyesha kwamba anazielewa gesi zinazowaka za leo. Anayesema leseni si ushahidi wa ufundi hajakosea.

Ila kinachoniuma zaidi ni kuazimisha jina. Meneja wa jengo anadai nakala ya leseni kabla ya kufungua geti. Analetewa nakala safi, yenye mhuri. Wanaopanda ngazini ni vijana watatu wenye begi moja la vifaa, na mwenye jina hajafika eneo la kazi wala hatafika. Meneja ametimiza wajibu wake na jalada limekamilika. Mkandarasi wa kweli, anayelipia bima na kununua mashine ya kunyonya gesi ili asiimwage hewani, ameshapoteza kazi hiyo kwa sababu bei yake ilikuwa juu. Mji unaokusanya ada za leseni bila kutuma mkaguzi unamlipisha mwaminifu peke yake.

Uingereza wamelishughulikia hilo vizuri zaidi upande wa gesi ya kuwasha. Tangu 2009, usajili wao uitwao Gas Safe unamtaka kila fundi abebe kadi yake yenye picha, na nyuma ya kadi zimeorodheshwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Umahiri wake hupimwa tena kila baada ya miaka 5. Mwenye nyumba anaigeuza kadi pale mlangoni na kujua kama huyu aliyesimama mbele yake anaruhusiwa kugusa boila au jiko tu. Leseni iko mfukoni mwa anayeshika spana. Hilo ndilo ninalolitetea: leseni ya mtu na kazi mahususi, badala ya leseni ya kampuni ya kutundikwa ukutani.

Na isizidi mpaka wake. Kusafisha vichujio, kuosha koili, kuzibua paipu ya maji yanayotiririka, hayo hayamuui jirani. Kuyadai leseni ni kumnyang'anya mtu riziki bila sababu. Mpaka uwekwe kwenye gesi, moto, umeme na kuning'iniza vitu vizito juu ya vichwa vya watu.

Kwa wale waliojifunza kwa mikono na kukosa wa kuwatilia sahihi, ningependa kuona miji ikifungua mtihani wa vitendo. Mtu asiulizwe alikuwa chini ya nani. Apewe vipande viwili vya paipu, tochi, mtungi wa nitrojeni, pampu na geji. Achomelee, apime uvujaji, avute vakyumu mbele ya mkaguzi. Kisha paipu ikatwe, na mkaguzi achungulie ndani.