Pole Nimezipokea, Sasa Naomba Ratiba

Kila siku kuna saa ambazo mikono yangu hainitii. Zinaanza ninapoamka saa kumi na moja alfajiri na kuendelea mpaka karibu saa tatu. Vidole vimevimba, havikunjiki wala havinyooki. Chupa ya chai ananifungulia mwanangu wa darasa la tatu. Blauzi za vifungo niliziacha zamani, navaa nguo za kupitisha kichwani. Nikishusha miguu kitandani, nyayo zinauma upande wa vidole kana kwamba nimekanyaga kokoto, na hapo niko juu ya mkeka. Baada ya hapo viungo vinaanza kulainika. Ukinikuta ubaoni saa saba mchana naandika, utadhani aliyekuwa akilia asubuhi kwa kushindwa kupiga mswaki ni mtu mwingine.

Kazini wananiona saa saba. Ndiyo maana hawanielewi.

Wengi wetu ugonjwa huu tunauita baridi yabisi, na jina hilo limenicheleweshea mengi. Nimezaliwa Makete, kwenye baridi ya kweli, kwa hiyo vidole vilipoanza kuvimba kila mtu alikuwa na jibu: vaa soksi, usishike maji ya asubuhi, ota moto. Nikaolewa Tanga. Joto la Tanga mnalijua. Vidole vikavimba vilevile, na kukuna nazi kukanishinda kabisa kwa sababu ya viwiko vya mikono na vifundo vyake. Baridi inaweza kukufanya uhisi maumivu zaidi, lakini siyo inayoleta ugonjwa. Wangu ni rumatoidi athraitisi: kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia utando ulio ndani ya maungio. Hupenda kuanzia maungio madogo ya vidole vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Si jongo, linaloletwa na asidi ya yuriki. Wala si kule kulika kwa magoti ya wazee wetu.

Karibu miaka miwili ilipita kabla sijaambiwa hivyo. Nilipimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikakatazwa nyama, nikachomwa sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, nisizozikumbuka idadi. Miaka miwili ni mingi, kwa sababu mifupa huanza kulika mapema na kilicholika hakirudi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona vidole vya mikono yote miwili vimevimba, ugumu wa asubuhi unazidi dakika 30, na wiki sita zimepita, acha kununua vidonge vya maumivu dukani. Tafuta daktari wa maungio. Kama hayupo karibu, muone daktari wa magonjwa ya ndani umwambie habari za asubuhi zako, maana mchana hatakiona unachokisema.

Dawa inayonishikilia ni methotrekseti, na hapa naomba msome polepole. Kwa ugonjwa huu inamezwa siku moja tu kwa wiki. Mimi siku yangu ni Ijumaa, vidonge vinne. Siku moja nilipewa kibahasha kilichoandikwa 4x1, yaani vidonge vinne mara moja kila siku. Ningefuata maandishi yale, dawa ingeharibu uboho unaotengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Anayeitumia apimwe damu na ini mara kwa mara, na mwanamke asiitumie akiwa na mimba au anapotafuta mimba.

Sasa kazi. Nafundisha sekondari ya binafsi. Nilipomweleza mkuu wa shule kwa mara ya kwanza alinijibu kwa huruma kabisa: “Pole sana mwalimu, nenda ukapumzike mpaka upone.” Namshukuru kwa moyo wake. Lakini ugonjwa huu hauna “mpaka upone”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ni sheria nzuri kwa aliyevunjika mguu. Mguu ukiunga, anarudi. Mimi nikihesabiwa siku nzima kwa kila asubuhi mbaya, siku hizo zitaisha kabla ya mwaka, na wakati huohuo nitakuwa nimekaa nyumbani mchana wote nikiwa na uwezo wa kufundisha. Hasara hiyo ni yangu, ya shule na ya watoto.

Nilichohitaji kilikuwa kidogo. Mwalimu wa taaluma alibadilisha vipindi vyangu na vya mwenzangu wa Jiografia, vyangu vyote vikawa baada ya chai. Nikaruhusiwa viatu vipana vya wazi badala ya vile vya kufunika. Nikaletewa stuli ndefu karibu na ubao. Kalamu na chaki nilizizungushia mwenyewe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ziwe nene, kwa sababu kitu chembamba ndicho kinachotesa vidole. Muhula ule sikukosa kipindi hata kimoja. Mwenzetu mmoja alisema napendelewa, na iliniuma, kwa sababu idadi ya vipindi vyangu haikupungua.

Kisha mwalimu wa taaluma akahama, akaja mwingine, na ratiba ikarudi ilivyokuwa. Hakufanya kwa ubaya. Hapakuwa na karatasi popote inayomwambia kwa nini vipindi vyangu vilikaa mchana. Nafuu yangu yote ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja mwema, akaondoka nayo. Hilo ndilo ninaloliomba kwa waajiri wote: msituachie hisani ya mtu. Andikeni.

Ratiba ya Januari inapangwa wiki hii. Nimeomba kuingia saa tatu badala ya saa moja na nusu, na kubaki jioni kusahihisha mpaka nifidie muda wote. Safari hii nimeomba kwa barua, nimeambatanisha cheti cha daktari, na nakala iliyogongwa muhuri ninayo.