Gemu Ikigoma Kufunguka, Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Hapa Mtwara mjini, gemu ikigoma kufunguka kwenye kompyuta, tiba yake inajulikana hata kwa mtoto wa darasa la tano: mashine ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows upya, yaani ifutwe na kusakinishwa Windows nyingine. Haiulizwi gemu yenyewe ni ipi, ilitoka wapi, ilianza kugoma lini, wala ilionyesha maneno gani kwenye kioo kabla ya kugoma. Mimi nina duka dogo la steshenari huku Chikongola. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa kopi na kuuza madaftari, na ufundi wa kompyuta umenijia kwa pembeni, kwa sababu mtu mwenye printa huhesabiwa kuwa anajua kila kitu chenye waya. Nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha kuwa na msimamo, nao ni kwamba ni mara chache gemu hugoma kwa sababu Windows yenyewe inaumwa, na kwamba fundi anayefuta mashine nzima kabla ya kusoma ujumbe uliotokea anamtoza mteja fedha kwa kubahatisha.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja wa Mikindani aliyeletwa dukani na binamu yake mwezi wa Septemba, laptopu ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge cha mama yake. "Njomba, GTA imekufa," alinieleza hata kabla ya kuketi. Ilikuwa GTA San Andreas, ile iliyotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2005 na ambayo kwa vijana wetu haijazeeka hadi leo, kwa kuwa haichagui mashine. Ukiibonyeza mara mbili, kiduara cha kusubiri kilizunguka sekunde moja au mbili, kisha kimya: hakuna dirisha, hakuna ujumbe. Fundi wa kwanza alikuwa amepiga Windows kwa shilingi 15,000, gemu ikagoma. Akapiga tena kwa shilingi 15,000 nyingine, ikagoma vilevile, na safari hiyo akahukumu kwamba ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, imechoka.

Sikutumia ujuzi wowote wa ajabu. Nilifungua Task Manager, ile orodha ya programu zinazofanya kazi, nikaibonyeza gemu, nikaona jina lake likitokea kwenye orodha na kutoweka papo hapo. Jambo hilo dogo lina maana kubwa, kwa sababu lilinionyesha kwamba Windows ilikuwa imeshaiita gemu na gemu ilikuwa imeshaitika, ila ilijikwaa yenyewe mlangoni. Gemu hiyo huhifadhi mipangilio yake ya kioo na sauti katika faili liitwalo gta_sa.set, lililo ndani ya folda ya GTA San Andreas User Files, ambayo nayo imo kwenye Documents. Faili hilo likiharibika, gemu hulisoma, hushindwa kulielewa, na hufa kimya kimya. Nililifuta, gemu ikafunguka na kujiandikia jingine jipya; michezo ambayo kijana alikuwa ameihifadhi haikuguswa, kwa sababu hukaa katika mafaili mengine.

Kwa nini basi kupiga Windows mara 2 hakukusaidia? Fundi yule, kwa nia njema kabisa, alikuwa akikopi folda ya Documents kwenye flashi kabla ya kufuta, na akimaliza anairudisha mahali pake, kwa hiyo kila mara aliurudisha ugonjwa pamoja na mizigo. Asichokikopi ni vitu vilivyokuwa juu ya deskitopu, na huko ndiko mama wa kijana alikokuwa ameweka hesabu zake za korosho za misimu 3: kilo alizopeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, bei ya kila mnada, na fedha alizowakopesha ndugu zake kununulia salfa. Hesabu hizo zilikwenda zote, kwa ajili ya gemu iliyohitaji kufutiwa faili moja.

Hata hivyo, sababu ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote si faili lililoharibika, bali ni namna tunavyogawana gemu. Gemu kubwa haishuki kwa bando la siku, kwa hiyo mtu mmoja wa Shangani au Ligula akiipata, inasambaa kwa flashi nyumba kwa nyumba. Na tunachokopi si programu ya kusakinisha, bali ni folda ya gemu iliyokwisha kusakinishwa kwenye mashine ya mwenzetu. Anayehamisha mkorosho kwa kukata shina hana haki ya kushangaa majani yakinyauka. Gemu inaposakinishwa kwa utaratibu wake, haijazi folda yake tu. Huweka pia vitu nje ya folda hiyo, yaani maktaba za Visual C++ (vipande vya programu ambavyo gemu nyingi huvitegemea), mafaili ya DirectX (yanayoisaidia gemu kuchora picha na kutoa sauti), na maandishi kwenye rejista ya Windows, daftari lake la mipangilio, yanayoeleza mahali ilipo na mipangilio yake. Ukikopi folda peke yake, hivyo vyote vinabaki kwa jirani.

Ndipo unapoletewa ujumbe kwamba MSVCP140.dll haipo, au VCRUNTIME140.dll haipo, au d3dx9_43.dll haipo. Watu wanauogopa ujumbe huu, lakini mimi naupenda, maana ni mgonjwa anayekuonyesha kwa kidole mahali panapouma. Majina 2 ya kwanza yanaomba kifurushi cha Visual C++ cha kuanzia toleo la 2015. La tatu linaomba mafaili ya zamani ya DirectX, ambayo Microsoft iliyakusanya katika kifurushi cha Juni 2010. Windows 10 na Windows 11 huja na DirectX 12, lakini hiyo DirectX 12 haiyabebi mafaili hayo ya zamani, na ndiyo sababu Windows mpya kabisa, iliyopigwa asubuhi ya leo, itakuonyesha ujumbe uleule jioni. Kifurushi cha Visual C++ ni chini ya MB 30, cha DirectX ni chini ya MB 100, na faili la kusakinishia Windows linazidi GB 4. Anayenunua bando kwa fedha yake ahesabu mwenyewe.

Hapo pana mtego ambao umewanasa hata watu wenye bidii. Mtu akisoma jina la faili lililokosekana, hulitafuta intaneti, hulikuta peke yake katika tovuti asiyoijua, kisha hulitupia ndani ya folda ya System32. Mbali na hatari ya kukaribisha virusi, mara nyingi hulitupia mahali pasipo pake: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo nyumba ya mafaili ya biti 64, na mafaili ya biti 32 hukaa katika folda ya SysWOW64. Majina yamekaa kinyume na akili inavyotegemea, na aliyeyaacha hivyo hakutufikiria sisi wa Chikongola. Gemu nyingi za zamani ni za biti 32. Zikikutana na faili la biti 64, ujumbe hubadilika na kuwa namba 0xc000007b, na ugonjwa mmoja unakuwa umezaa wa pili. Kilicho salama ni kusakinisha kifurushi kizima kutoka kwa Microsoft yenyewe, toleo la x86 (la biti 32) na la x64 (la biti 64), yote mawili, hata kama Windows yako ni ya biti 64.

Naelewa kwa nini jumbe hizi hazisomwi. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Windows ina Kiswahili, lakini wengi wetu hatujawahi kukiwasha, na gemu zenyewe hazina habari nacho. Kijana akiona kidirisha kimetokea, hubonyeza OK haraka kama anayefukuza nzi, na ukimuuliza kiliandika nini, hujibu kwamba kiliandika "error". Kwa sababu hiyo ombi langu kwa wateja ni moja tu, wapige picha ya ujumbe kwa simu. Hawahitaji kuuelewa; mimi nahitaji jina la faili au namba. Na pale ambapo hakuna ujumbe wowote, andika neno reliability kwenye sehemu ya kutafutia ya Start, ufungue chati itakayotokea. Chati hiyo inapanga siku moja moja, na kila siku ambayo programu ilianguka ina alama nyekundu ya X. Ukiibonyeza utasoma ni programu gani iliyoanguka, na wakati mwingine ni faili gani lililoiangusha. Ni daftari ambalo Windows imekuwa ikiliandika muda wote bila kuombwa, na nimekutana na mafundi wenye miaka mingi ya kazi ambao hawajawahi kulifungua.

Yapo magonjwa yasiyo na dawa, na hapo ndipo naona uungwana wa fundi unapopimwa. Kompyuta nyingi tunazonunua huku ni za mtumba. Mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, yaani zile zilizotoka mwaka 2011, ikiwa haina kadi nyingine ya picha hutegemea Intel HD Graphics 2000 au 3000, ambayo mwisho wake ni DirectX 10.1. Gemu inayodai kiwango cha 11 haitafunguka humo, hata ukipiga Windows kila Ijumaa. Kinachochanganya ni kwamba ukiandika dxdiag kwenye sehemu ileile ya kutafutia, ukurasa wa kwanza unaweza kusema DirectX 12, mwenye mashine akaona anaonewa. Kumbe hiyo ni DirectX ya Windows, si uwezo wa kadi. Uwezo wa kadi unasomeka kwenye ukurasa wa Display, mbele ya maneno Feature Levels. Nilimwonyesha hapo baba mmoja kutoka Tandahimba ambaye alikuwa ameshaongezewa ramu kwa ushauri wa mtu mwingine, na ramu haina uhusiano wowote na kiwango hicho. Alinyamaza, akafunga mashine, akaniambia kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kuwa haiwezekani.

Hali ni hiyohiyo kwa CD za zamani zilizolindwa zisikopiwe kwa kinga ya SafeDisc, ambayo Windows 10 iliikataa tangu ilipotoka mwaka 2015. CD ni nzima, mashine ni nzima, na bado havipatani.

Kuhusu gemu zilizovunjwa kufuli ili zichezwe bila kulipiwa nitasema kwa kifupi. Kinga ya Windows mara nyingi huliondoa faili kuu la gemu hizo, kwa hiyo ikoni hubaki bila kitu cha kufungua, na ushauri wa vijiweni ni kuzima antivairasi. Mimi sifanyi hivyo kwenye mashine ya mtu. Siwezi kuthibitisha kwamba ndani ya faili lile hakuna mwizi, na laptopu hiyohiyo ndiyo dada wa kijana anayoitumia kuombea mkopo wa chuo.

Sisemi kwamba Windows isipigwe kamwe. Mwenye Windows 7 anayetaka kucheza kupitia Steam, lile duka la gemu la intaneti, hana ujanja, kwa kuwa Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Na mashine ambayo hata programu za kawaida zinaanguka, na amri ya sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha mafaili ya Windows, imeshindwa kuitengeneza, inastahili kupigwa Windows upya. Hata hapo ningependa diski ipimwe kwanza.

Wala lawama si ya mafundi peke yao. Nilipolifuta faili la gta_sa.set, kijana wa Mikindani aliniuliza, "Njomba, ndiyo hivyo tu?" Nilimwomba shilingi 5,000 na nikauona uso wake ukikunjamana, ingawa shilingi 30,000 za fundi wa kwanza alizitoa bila kinyongo, kwa sababu aliiona mashine ikilazwa siku 2 na asilimia zikipanda kwenye kioo. Tunalipia jasho tunaloliona. Fundi mwenye kodi ya fremu anajifunza haraka kwamba kuchunguza hakumlipi na kupiga Windows kunamlipa, kisha tunamshangaa akichagua kinachomlipa. Ningefurahi kama mafundi wa Mtwara na Lindi wangeanza kutoza ada ya uchunguzi, hata ya shilingi 3,000, na kumkabidhi mteja karatasi iliyoandikwa ujumbe uliosomwa, sababu iliyopatikana na kilichofanyika. Na kabla ya kufuta chochote, mwenye mashine aulizwe vitu vyake anaviweka wapi, maana kwa watu wengi deskitopu ndiyo kabati la nyumba.

Mwanzoni mwa Oktoba, minada ya korosho ikikaribia, mama wa kijana yule alipita dukani kuulizia hesabu zake. Nilikuwa nimejaribu kuzifufua kwa programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa: msimu mmoja ulirudi ukiwa na majina yaliyovurugika, na mingine 2 ilikuwa imeshafunikwa na Windows ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha aligeukia rafu ya madaftari, akachagua kaunta buku ya kwaya 3, akaipima uzito mkononi kama anayepima kilo ya korosho, na kuniuliza bei.

"Hii, mwanangu," alisema huku akifungua pindo la khanga kutoa fedha, "haipigwi Windows."