Sime kiunoni, sime mkononi

Mjini Arusha ubishi wa sime hauishi. Wapo wanaotaka morani asikanyage Soko la Kilombero na silaha yoyote. Wapo wanaojibu kwamba sheria za silaha ni za mkoloni, zimewekwa kumdhalilisha mfugaji.

Kwamba ni za mkoloni, hilo halina ubishi. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 inamtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Uingereza ilishakataza kutembea na silaha magulioni na masokoni tangu 1328, zama za Mfalme Edward III. Ila wanaoilaani sheria hii, nadhani, hawajaona kwamba ndiyo inayomkinga morani.

Chukua kesi ya Robert Huntly, jimbo la North Carolina nchini Marekani, 1843. Alizunguka akiwa na bunduki, huku akitangaza kwamba atamuua James Ratcliff. Alitiwa hatiani, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaunga mkono. Lakini Jaji William Gaston alisema wazi kuwa kubeba bunduki peke yake si kosa. Kwa shughuli yoyote halali, hata kwa kujifurahisha, mtu aibebe. Kilichomponza Huntly ni vile vitisho. Kwa kipimo hicho, kijana aliyeshusha mbuzi mnadani na sime yake iko kwenye ala hana kesi. Anayeichomoa kwa kondakta wa daladala kisa chenji, huyo anayo.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Hofu ya nani ndiyo inayohesabika? Mwaka 1844 mahakama ileile ilibariki sheria iliyomlazimisha mtu mweusi aliye huru kuwa na leseni ndipo abebe bunduki. Basi mfugaji akihofia kwamba shuka lake tu litatosha kumtisha askari, tusimcheke.

Dawa ninayoiona ilikuwepo jimbo la Massachusetts, hukohuko Marekani, tangu 1836: mwenye hofu ya msingi alilalamika mbele ya hakimu, na mlalamikiwa akatakiwa kuweka dhamana ya kutunza amani, isiyozidi miezi sita. Mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliegemea sheria za aina hiyo kukubali kwamba aliyethibitika kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyang'anywa bunduki kwa muda.

Madiwani wakitaka sheria ndogo ya masoko, basi waanzie hapo: alalamike mtu anayejulikana, dhidi ya kitendo kilichoonekana, na hakimu apime. Sime iliyo kwenye ala waiache.