Tetesi za Kupunguzwa Kazi: Menejimenti Ifiche Nini, Iseme Nini

Kampuni kubwa inapopunguza wafanyakazi, mjadala huganda kwenye idadi. Wameondoka wangapi, tawi gani limeguswa zaidi, kwa nini huyu katoka na yule kabaki. Ninavyoona mimi, ari ya kazi huuawa na ule muda unaopita kati ya siku wakubwa walipojua na siku mfanyakazi alipoambiwa. Muda huo ukirefuka, hata aliyebaki na kazi yake hamwamini tena bosi wake.

Kwa Dodoma jambo hili ni zito zaidi. Rais John Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia hapa, mabenki, kampuni za simu, za bima na za ujenzi nazo zilifuata wizara. Zikafungua ofisi mpya au kupanua zilizokuwapo, na watu wakahamishwa na familia zao kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Wapo walionunua viwanja Nzuguni, Ilazo na Nkuhungu, wakajenga kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Dar es Salaam ukiachishwa kazi na kampuni moja, mtaa wa pili ipo nyingine ya aina hiyo hiyo. Hapa mwajiri mkubwa ni Serikali, na nafasi zake hupitia Sekretarieti ya Ajira, ambako matangazo mengi yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Aliyehamia na kampuni akiwa na miaka 38 leo anaukaribia umri huo au ameshauvuka.

Nianze na upande wa menejimenti, kwa sababu mara nyingi hausikilizwi. Sababu za kupunguza watu zinaweza kuwa za kweli kabisa. Huduma za fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008, na mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki. Leo mwenye duka Chang'ombe anapokea amana na kutoa fedha, kazi iliyokuwa ya keshia dirishani. Tawi lililojengwa kwa ajili ya foleni halina tena foleni, lakini mishahara iko palepale.

Usiri nao una hoja zake. Habari ikivuja mapema, wa kwanza kuondoka ni wale wanaotafutwa na washindani: mafundi wa mifumo, maofisa mikopo wazuri, wauzaji wenye wateja wao. Wanaoleta bidhaa wataanza kudai fedha taslimu, na mteja mwenye amana atauliza kama fedha zake ziko salama. Kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam haiwezi kuanzisha habari nyeti kwenye kikao cha tawi. Kuna na ubinadamu pia: ukimwambia mzazi wa watoto watatu kwamba huenda ataondoka, kisha miezi minne baadaye ukamwambia anabaki, umemkosesha usingizi bure. Meneja anayenyamaza kwa kulifikiria hilo simlaumu. Tena meneja wa tawi la Dodoma huenda naye hajui lolote, maana orodha inaandaliwa makao makuu, na wakati mwingine makao makuu yenyewe yako nje ya nchi.

Hoja hizo nazikubali karibu zote. Nisichokubali ni kuzitumia kuhalalisha kukanusha. Mtu anaweza kunyamaza na bado akaaminika, lakini akisimama kwenye kikao cha Jumatatu na kusema "hakuna mpango huo", huku mshauri ameshalipwa kuchora muundo mpya, maneno yake yote ya baadaye yatapimwa kwa kauli hiyo.

Sheria yenyewe haikuacha pengo kubwa hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu anapolifikiria, atoe na maelezo yote yanayohusika. Kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua, muda na malipo. Wasipoafikiana, suala linakwenda kusuluhishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wafanyakazi wanalalamika kwamba mashauriano huitishwa barua zikiwa zimeshachapwa. Mtu anasaini karatasi ya mahudhurio, na saini hiyo hiyo inakuwa ushahidi kwamba alishirikishwa. Hapo sheria imefuatwa kwa karatasi tu.

Dada mmoja aliyekuwa keshia kwenye kampuni kubwa hapa mjini alinieleza walivyopata habari tawini kwao. Mama lishe wa Makole, aliyezoea kuwakopesha chakula mpaka mshahara utoke, aliwaambia kuanzia wiki hiyo anataka fedha mkononi. Alikuwa amesikia kwa dereva wa kampuni, na dereva alisikia mgeni wa makao makuu akiongea na simu njiani kwenda stesheni ya SGR. Wakamfuata afisa rasilimali watu, mtu waliyezoea kumwita dada. Akawajibu: "Wadogo zangu, msiniulize, na mimi nasubiri kama ninyi." Hawakumwamini hata kidogo. Orodha ilipotoka, jina lake lilikuwemo.

Wiki zile, anasema, watu waliacha kwenda likizo, kwa hofu kwamba asiyekuwepo ndiye atakayekatwa. Walioelewa mfumo mpya waliacha kuwafundisha wenzao, kwa sababu ajuaye peke yake ana nafasi ya kubaki. Kundi la WhatsApp la tawi likapoa, likaanzishwa jingine lisilo na meneja, na baadaye la tatu lisilo na wale walioshukiwa kupeleka maneno. Kazi ilikuwa inafanyika, ila kila mtu alikuwa anaifanya na mlango wake umefungwa.

Katika hali kama hiyo hata jambo la kawaida linaonekana mtego. Chukua barua ya uhamisho. Sheria inasema anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anaweza kukosa malipo ya kuachishwa. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akiletewa barua ya kwenda Mtwara wakati wa kupunguza watu, hajui kama anaokolewa au anatafutiwa njia ya kuondoka mikono mitupu. Inawezekana kampuni imetenda kwa nia njema, ikamtafutia nafasi pale ilipopatikana. Lakini nia njema haisomeki kwenye barua ya mistari mitano. Mambo ni hayo hayo kwa tathmini ya utendaji iliyokaa miaka miwili bila kufanywa, kisha ikafufuliwa ghafla pamoja na barua za kujieleza kwa kuchelewa dakika kumi.

Wafanyakazi nao wana lao. Wapo wanaotumia tetesi kulipizana visasi, wakitangaza kwamba fulani amebaki kwa sababu ni mtoto wa fulani, bila ushahidi wowote. Wapo wanaowageukia viongozi wa chama chao kwa sababu tu wameonekana wakiingia ofisi ya meneja, ilhali huwezi kuwatetea watu bila kuingia ofisi hiyo. Na anayenakili orodha ya wateja ili aondoke nayo anavunja uaminifu hata kama yeye alivunjiwa kwanza. Hata hivyo mizani si sawa. Mwenye habari ni menejimenti, na mwenye habari ndiye anayeweza kuzizima tetesi.

Mwaka 2025 ulitupa mfano wa kupima hoja hii. Tarehe 20 Januari Marekani iliagiza misaada yake ya nje isimame kwa siku 90, na miradi ya afya iliyoitegemea ikayumba, hapa Tanzania pia. Watu walipoteza kazi kwa kasi kubwa. Niliowasikia wakilalamika walikuwa na uchungu, lakini sikuwasikia wakiwatukana wakurugenzi wao. Bosi na dereva waliisoma habari ile ile siku ile ile. Walioachwa kazi waliumia kama wengine wote, ila hakukuwa na wa kumshuku kwamba alijua akaficha.

Kuna na suala la heshima, ambalo kwa Dodoma lina historia. Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lile lilikuwa suala la makosa, tofauti kabisa na kupunguzwa kwa sababu za biashara. Lakini mtaani tofauti hiyo haionekani. Mtu akirudi nyumbani na boksi lake mchana wa Jumatano, majirani wanaanza kujiuliza alifanya nini. Kampuni isipotamka hadharani kwamba waliotoka hawakukosea, inawaachia mzigo usio wao. Nalo ni jambo lisilogharimu hata shilingi.

Sasa nini kifichwe na nini kisemwe? Majina yanaweza kusubiri, kwa sababu kabla ya mashauriano hayapaswi hata kuwepo. Sababu, muda, vigezo na namna ya kukokotoa malipo vinaweza kusemwa mapema bila kutaja jina la mtu. Meneja wa tawi aruhusiwe kusema "sijui, nikijua nitawaambia", kuliko kupewa karatasi ya kukanusha asome. Ndiyo, baadhi ya mafundi wazuri wataondoka kabla ya wakati. Kampuni inayowahitaji inaweza kuwawekea malipo ya kubaki mpaka mwisho wa zoezi, na hasara itakayobaki naiona ni halali kuibeba.

Malipo ndiyo yanayotaka uwazi kuliko yote. Kiwango cha chini cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Aliyetumika miaka 18 anahesabiwa siku 70 tu, posho hazimo, labda mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, uwe umempa zaidi. Wengi huijua hesabu hii siku ya kusaini. Mwenye nyumba ya mkopo Nzuguni akiambiwa Machi kwamba nafasi yake huenda ikafutwa Julai, na kwamba ikifutwa ataondoka na kiasi hiki, anakwenda benki kuomba marejesho yapangwe upya akiwa bado na mshahara unaoingia. Akiambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asije, anaingia benki ile ile akiwa hana cha kuwekea neno lake.