Maziwa peke yake hayatoshi
Mhariri, makala yenu kuhusu mifupa imara inasisitiza maziwa na dagaa. Sawa, lakini bila vitamini D utumbo haunyonyi vizuri kalsiamu, madini ya mifupa yaliyomo humo, na ikipungua kwenye damu, homoni ya parathiroidi (ya tezi ndogo za shingoni) huichota mifupani. Mwanamke akishakoma hedhi, estrojeni, homoni ya kike, hushuka na mifupa hupungua kwa kasi miaka ile ya mwanzo. Hapo mwandishi kapita mbio. Mama mkubwa wangu alijikwaa kwenye zulia tu, nyonga ikavunjika. Kameza prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa ajili ya pumu miaka na miaka (nayo hudhoofisha mifupa!), hakuna aliyemgusia kupima mifupa. Halafu jua la dirishani msilihesabu, kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Mhariri, kipimo cha msongamano (uimara) wa mifupa tunakipata wapi huku wilayani?