Mirija kuziba si ushahidi wa dhambi

Picha ya mirija ya uzazi ya wifi yangu tuliitazamia dirishani, Mbagala. Aliichomoa kwenye bahasha ya kaki, akaielekeza kwenye mwanga. Mrija wa kushoto ulikuwa na vinundu vinundu, kama shanga kwenye uzi. Wa kulia haukuonekana kabisa. Ripoti ilisema mirija imeziba, na mama yangu mzazi akauliza mbele ya watu: "Kwani huyu usichanani alitoa mimba ngapi?"

Wifi alikuwa ametafuta mtoto miaka sita. Alishameza dawa za PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, hadi zikamkinai, akanywa za kuzibua mirija kutoka Kariakoo, zile za rangi ya kahawia kwenye chupa ya maji, akasomewa kwa ajili ya jini mahaba. Kote huko hakuna aliyemuuliza kama kwao kuna mtu aliwahi kuugua TB. Baba yake alitumia dawa za TB yeye akiwa darasa la tano, na walilala chumba kimoja.

Mimi nalilaumu jina kwanza. Tunauita kifua kikuu, basi asiyekohoa hatumfikirii. Kumbe bakteria akishaingia mapafuni anaweza kusafiri na damu, akatua kwenye mirija, akatulia humo miaka. TB ikiingia kwenye kizazi, karibu kila mara mirija ndiyo hushikwa. Mwanamke hakohoi wala hakondi. Hedhi inapungua tu, au kinena kinauma, au mtoto hapatikani. Wengine tumbo hujaa maji, ikadhaniwa saratani ya ovari. Ugonjwa wa hewa, unaoupata kwa kupumua tu, tunaugeuza kesi ya tabia!

Na hii Tanzania ndiyo nchi iliyoanzisha mpango wake wa TB mwaka 1977, kazi ya akina daktari Karel Styblo iliyokuja kuwa msingi wa DOTS duniani, ule utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akisimamiwa. Mpango ule uliegemea makohozi. Makohozi ya wifi yalikuwa safi. TB ya kizazi hutafutwa kwenye kinyama kinachotolewa ukuta wa mji wa mimba, na ni vizuri kitolewe siku chache kabla ya hedhi, maana hedhi huondoka na utando wenyewe. Kinyama kigawanywe: kipande kwenye fomalini kwa ajili ya darubini, kingine kwenye maji ya chumvi ya hospitali kwa ajili ya GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, na kuotesha bakteria maabara. Fomalini huua bakteria. Cha wifi walikitumbukiza chote kwenye fomalini, tukaanza upya.

Bakteria hao huwa wachache, kwa hiyo jibu la "hakuna" halifungi mjadala. Kuotesha huchukua hata wiki 8, na wakati mwingine lazima kamera iingizwe tumboni. Najua ni usumbufu. Lakini daktari anayeona mirija imeziba aulize habari za TB kabla hajaandika dozi nyingine ya PID, kwa sababu dawa za TB ni bure, za miezi 6, ila kovu likishakomaa kidonge hakilifuti. Kuchelewa ndiko kunakomnyima mtu mtoto.

Wifi yuko mwezi wa nne wa dawa za TB. Kama mirija itafaa, bado hatujaambiwa. Mama ndiye anayemwamsha asubuhi ameze vidonge, na uji anampikia. Radhi hajamwomba.